Bahati nasibu yenye upendeleo

Leo nina neno na waandishi wa programu wenzangu, hasa wale wanaopewa kazi ya kuchagua washindi wa bahati nasibu.

Juzi niliombwa nikague programu ya droo ya wateja wa duka fulani. Tiketi ni 20,000, zawadi ni pikipiki. Mshindi anachaguliwa kwa mstari mmoja wa lugha ya C:

rand() % 20000

Mstari kama huo niliwahi kuuandika mimi mwenyewe chuoni, na nikapata alama zote. Lakini hauna haki.

Chukua dadu ya pande sita uchague mmoja kati ya watu wanne. Ukipata 5 unarudi kwa wa kwanza, ukipata 6 unarudi kwa wa pili. Basi hao wawili wana nafasi mbili mbili, wenzao moja moja. Hakuna aliyeiba, lakini kura imepinda.

Alama ya % inafanya vivyo hivyo. Katika C ya Microsoft kwenye Windows, rand() hutoa nambari kuanzia 0 hadi 32,767 tu. Ukigawa kwa 20,000 na kuchukua baki, tiketi 0 hadi 12,767 zinapata nafasi mbili, na zile 7,232 zilizosalia zinapata moja. Tiketi zingekuwa 50,000, zote kuanzia 32,768 zisingeshinda hata droo irudiwe mara milioni!

Dawa ni rahisi: ukipata nambari 20,000 au zaidi, itupe, uchague tena. nextInt(n) ya Java hutupa hivyo bila wewe kuomba. Palipo na zawadi, afadhali utumie kitu kisichotabirika, kama secrets.randbelow ya Python.

Nilipoeleza haya niliulizwa, "Kwani nani atajua?" Ni kweli, hakuna. Mama aliyenunua unga jioni ya siku ya mwisho akapata tiketi 19,400 atarudi nyumbani akisema hana bahati. Hawezi kusoma programu yetu, na hata akiisoma hataona kosa. Sisi ndio tunaoliona. Kulirekebisha kulinichukua mistari mitatu na dakika kumi.

Kwa hivyo, ndugu yangu, kama una rand() % mahali panapogawa kitu cha watu, ifungue leo uiangalie.