Shabiki Anayetoa Kabla ya Kusikia



Neno "shabiki" halina heshima kubwa vinywani mwetu sisi watu wazima. Tukilitamka, twamfikiria kijana aliyepiga kelele hadi sauti ikamkauka, aliyegombana na rafiki yake kwa ajili ya mwimbaji asiyemfahamu, aliyetumia franga za kununulia daftari ili atazame video mpya katika simu. Mimi pia, kwa miaka yangu mingi ya ualimu, nimelitumia neno hilo kama lawama. Leo nataka kulitetea, ingawa si bila masharti. Nitalitetea kwa kisa cha watu wa mbali: mashabiki wa kundi la muziki la Uingereza liitwalo Marillion.

Siwaombi muupende muziki wao. Ni roki ya aina iitwayo progresivu: nyimbo ndefu, nyingine zapita robo ya saa, zenye kubadilika mwendo njiani, wala hazifai kuchezwa arusini. Kundi hilo lilianza mwaka 1979 katika mji wa Aylesbury, na jina lake lilitokana na kitabu cha J. R. R. Tolkien, The Silmarillion. Mwaka 1985 albamu yao Misplaced Childhood ilishika nafasi ya kwanza nchini mwao. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1988 mwimbaji wao aliyejulikana kwa jina la Fish aliwaacha, na mwaka uliofuata Steve Hogarth akachukua nafasi yake. Ladha ya watu ikabadilika, redio zikapunguza kuwapiga, na katikati ya miaka ya 1990 mkataba wao na kampuni kubwa ya EMI ukafikia mwisho.

Mara nyingi hadithi ya wanamuziki huishia hapo. Waliokuwa wakishangilia huhamia kwa mwingine anayeng'aa, na jina la jana hubaki katika kumbukumbu za wazee. Kwa hawa haikuwa hivyo, na sababu yake ni mashabiki wenyewe.

Mwaka 1997 kundi lilitoa albamu mpya, nao mashabiki wa Marekani wakauliza watawaona lini. Mpiga kinanda wao, Mark Kelly, akawajibu kwa njia ya intaneti bila kuficha jambo: ziara ya Marekani ingewatia hasara, na hakuna kampuni iliyo tayari kuibeba. Hakuwaomba chochote. Lakini shabiki mmoja akatoa wazo, wengine wakalipokea, akaunti ya benki ikafunguliwa, na michango ikaanza kuingia. Zilikusanywa dola zipatazo 60,000. Ziara ikafanyika. Nanyi angalieni neno hili: mchango huo haukuwa tiketi. Aliyechanga, siku ya onyesho ilipofika, alinunua tiketi yake kama mtu mwingine yeyote.

Wanamuziki walijifunza kutokana na tendo hilo. Walipotaka kutengeneza albamu ya mwaka 2001, waliwaandikia mashabiki wao na kuwauliza: je, mko tayari kulipa sasa, kabla hatujarekodi? Zaidi ya watu 12,000 walilipa. Hawakuwa wamesikia hata wimbo mmoja. Albamu hiyo iliitwa Anoraknophobia, na jina hilo lina mzaha wake. Anoraki ni koti la mvua lenye kofia, na Waingereza humwita "anoraki" kwa dhihaka mtu anayeshikilia mno jambo ambalo wengine hawaoni faida yake, kama yule anayesimama kwenye mvua akiandika namba za treni zinazopita. Jina la albamu lilikuwa kama kusema: sisi hatuwaogopi watu wa makoti hayo. Waliochekwa na wengine kwa mapenzi yao ndio waliolipia kazi hiyo, nao wakapewa heshima juu ya jalada lake.

Hapa ndipo nauona ushabiki unaostahili kutetewa. Kelele za uwanjani hazigharimu kitu. Kushangilia anayeshangiliwa na wote si kazi ngumu. Upendo hupimwa pale kitu unachokipenda kinapotoka katika mitindo, pale marafiki wanapokucheka, na pale kinapohitaji mkono wako badala ya makofi yako. Aliyelipia albamu hiyo hakuwa mteja wa kawaida, kwa maana mteja hulipa bidhaa aliyoiona. Yeye alilipa neno la watu aliowaamini.

Nanyi mwaweza kuniambia: "Mwalimu, hata sisi tunao watu wanaotoa fedha kwa wanamuziki." Ni kweli. Twafahamu sote desturi ya mabanga, ambayo kwayo mtu hulipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Siwahukumu wanaofanya hivyo. Desturi hiyo imewalisha wanamuziki wengi wa nchi yetu. Hata mashabiki wa Marillion waliolipia mapema albamu ya Marbles ya mwaka 2004 walichapishiwa majina yao katika kijitabu chake. Tofauti, kwa maoni yangu, haimo katika jina kuonekana au kutoonekana. Imo katika nafasi ya jina hilo. Katika banga, jina la tajiri huingia ndani ya wimbo na kuukalia. Katika kile kijitabu, maelfu ya majina yamepangwa kwa herufi ndogo, tajiri kando ya mfanyakazi, wala hakuna mmoja anayesikika mwimbaji anapoimba. Tuwapo tunatoa, yafaa tujiulize: nataka kazi hii iendelee, au nataka nisikike ndani yake?

Lakini nilisema kwamba utetezi wangu una masharti. La kwanza ni uhuru. Anayetoa hujaribiwa kujifanya bwana. Fish alipoondoka, wako waliokataa kumsikiliza Hogarth, na hadi leo wako wanaopenda nyimbo za miaka ile ya kwanza tu. Hiyo ni haki yao, maana upendo haulazimishwi. Ila waliolibeba kundi hilo ni wale waliokubali kwamba lingebadilika. Walilipia nyimbo ambazo hawakuwa na sauti ya kuzichagua. Kama kila mmoja angedai wimbo wa kumpendeza yeye, zingetoka albamu 12,000, na zote mbaya.

Sharti la pili ni hesabu. Njia iliyoanza kwa upendo imekuwa sasa njia ya biashara. Tangu mwaka 2009, tovuti ya Kickstarter ilipoanzishwa, watu wengi mno wamejifunza kuomba fedha kabla ya kazi, na si wote waaminifu. Kwa hiyo, mtu akikuomba kwa jina la upendo wako, una haki ya kuuliza fedha zitakwenda wapi. Marillion walilijua hilo. Mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, walitaka kufanya ziara nchini mwao, lakini bima ya kufidia hasara ya ugonjwa huo haikuwepo. Waliwaomba mashabiki waweke akiba ya pamoja, kwa sharti lililosemwa wazi tangu mwanzo: ziara ikivunjika, akiba italipa hasara, ikifanikiwa, kila mtu arudishiwe chake. Uaminifu kama huo haupatikani kwa siku moja. Ulijengwa tangu lile jibu la Kelly la mwaka 1997, aliposema wazi kwamba fedha hakuna.

Sharti la tatu ndilo zito kwangu, wala sitawaficha kwamba lanisumbua. Dola 60,000 ni fedha nyingi. Je, hazikuwa na kazi bora kuliko kuwasafirisha wanamuziki? Nimelifikiria swali hili mara nyingi, nami sina jibu la kulifunga. Naona kwamba mkono uliojifunza kutoa kwa furaha ni mkono uliokwisha kufunguka, nao hufunguka kwa urahisi zaidi mara ya pili. Walakini naona pia kwamba mtu aweza kufungua mkono kwa ajili ya burudani yake tu, na kuukunja jirani anapobisha hodi. Hakuna anayeweza kumjibia mwingine katika jambo hili. Kila shabiki aliangalie kwake mwenyewe, akihesabu alichotoa mwaka huu na alikitoa kwa ajili ya nani.

Tangu mwaka 2002 mashabiki hao hukusanyika na kundi lao katika mikutano ya siku chache, na baadaye mikutano hiyo imefanyika hata Uholanzi na huko Montreal, Kanada. Wengi wao si vijana tena. Wana mvi kama zangu. Jioni moja hupigiwa albamu nzima, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na husikiliza wakiwa wamesimama kando ya watu kutoka nchi nyingi. Walianza kwa kupenda nyimbo, wakaishia kufahamiana wao kwa wao.

Basi, vijana, sitawaambia tena mwache ushabiki. Nawaomba muupandishe daraja. Chagueni kitu kimoja mnachokipenda kweli, kiwe kwaya, kiwe timu ya mtaa, kiwe kikundi cha maigizo kisicho na jina. Msingoje king'ae ndipo mkishangilie. Ulizeni leo kinakosa nini, ongozeni mchango ulio wazi, kisha mwachieni mwenye kuimba aimbe. Na mkikutana juma lijalo, kila mmoja awajibu wenzake swali hili: je, kipo kitu ninachokipenda kiasi cha kukilipia kabla sijakisikia?