Jezi Ambayo Kariakoo Haiuzi

Agosti 2025 niliingia Mtaa wa Kongo kutafuta jezi. Kijana mmoja alinidaka kabla sijafika kona. "Mkubwa, karibu, unataka nini?" Nikamwambia nataka singlendi ya kikapu. "Zipo kibao! Bulls, Lakers, Golden State, saizi yako ipo." Nikamwambia, hapana mdogo wangu, nataka ya timu ya taifa ya Tanzania ya kikapu. Aliniangalia kama mtu aliyeombwa barafu ya kukaanga. Akauliza swali ambalo halijanitoka mpaka leo: "Kwani hiyo timu ipo?"

Ipo. Haikuwepo tu kule ilikopaswa kuwepo.

Wiki hizohizo, Luanda na Moçâmedes, timu 16 zilikuwa zinacheza AfroBasket, ubingwa wa Afrika wa wanaume. Rwanda ilikuwepo. Uganda ilikuwepo. Kongo ya Kinshasa ilikuwepo. Sudan Kusini ilikuwepo, na Madagascar pia. Tarehe 24 Agosti Angola iliifunga Mali 70 kwa 43, ikabeba kombe kwa mara ya 12. Sisi Dar tulikuwa na CHAN, tukalia na Morocco pale Uwanja wa Mkapa, na sikumbuki hata mazungumzo ya dakika tano kuhusu kikapu katika daladala yoyote niliyopanda.

Sasa niseme kilichonileta hapa, kwenye ukurasa wa watu wa vitabu. Nimechoka na visingizio vyetu, na naamini sisi tunaoandika tuna mkono katika hili kuliko tunavyotaka kukiri.

Kisingizio cha kwanza: eti hatuna hela wala viwanja. Angola ilitwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 1989, palepale Luanda, nchi ikiwa vitani. Vita ile ilianza 1975 na kuisha 2002, na katikati yake wenzetu walishatawala bara zima na kwenda Olimpiki ya Barcelona 1992 kukutana na Michael Jordan na wenzake. Walipigwa 116 kwa 48, wakarudi nyumbani, wakaendelea kucheza. Sudan Kusini imepata uhuru 2011. Mwaka 2023 ilicheza Kombe la Dunia, na 2024 kwenye Olimpiki ya Paris ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Sisi tumekuwa na amani kwa miaka mingi. Tumeitumia kujengea nini?

Kisingizio cha pili: eti hatuna watu warefu. Huyu anayesema hivi amesahau kwamba mtoto wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Tumemfanyia nini Hasheem katika maandishi yetu? Tumemfanya mzaha. Tukishaandika kwamba Memphis walikosea, kwamba alishushwa ligi ya chini, kwamba Houston, Portland na Oklahoma City zilimpitisha kama mgeni wa harusi, tunafunga daftari. Hiyo ni hadithi ya Wamarekani wanaohesabu hela yao. Yetu ilikuwa nyingine: kijana aliyeanza kuchelewa, katika jiji ambalo mchezo wake hauna wino, akafika pale ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika. Swali letu lilipaswa kuwa: yule wa pili yuko wapi, na nani anamtafuta? Hatukuuliza. Tulicheka pamoja na waliocheka.

Kisingizio cha tatu: eti kikapu ni mchezo wa watoto wa kishua. Nenda Kidongo Chekundu jioni, pale Youth Park, hatua chache kutoka kelele za Kariakoo. Utamkuta mtoto wa Gerezani amevaa raba za mtumba kutoka Karume, moja imeshonwa kwa uzi wa viatu vya shule, anamngoja mwenzake atoke uwanjani wabadilishane. Huyo ndiye mtoto wa kishua?

Sasa mkono wetu uko wapi? Uko kwenye maneno. Tazama soka. Mama lishe ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani anajua tobo ni nini, kanzu ni nini, chenga ni nini. Maneno hayo hayakushuka na mvua. Yamekuzwa na mashabiki wa Msimbazi na Jangwani, yakabebwa na watangazaji wa redio mwaka baada ya mwaka, hadi yakawa mali ya kila mtu. Kikapu hakijapata bahati hiyo. Tunakitangaza kwa Kiingereza kilichovaa kanga, tunakiandika kwa mistari minne ya matokeo chini ya habari ya usajili wa Simba. Na kitu kisichosimuliwa hakionekani. Kisichoonekana hakipati mdhamini. Kisicho na mdhamini hakisafiri kwenda kwenye mechi za kufuzu.

Najua mtaniambia makala haijengi uwanja. Kweli, haijengi. Lakini Februari 2021, Tylor Okari Ongwae wa Kenya aliporusha mpira wa mwisho na kuizamisha Angola 74 kwa 73, jirani zetu walipata hadithi ya kuwasimulia watoto wao. Mwaka huo walirudi AfroBasket baada ya miaka 28. Sisi hata hadithi tuliyonayo tumeitupa.

Na nisijifiche nyuma ya neno "sisi". Agosti ile nilipeleka wazo la makala ya AfroBasket kwa mhariri wangu. Akaniambia, "Ndugu yangu, nani atasoma?" Nikanywea. Nikaandika kuhusu foleni ya tiketi za CHAN. Sikubishana hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu jibu nilikuwa nalo: hakuna anayesoma kwa kuwa hakuna anayeandika, na mmoja wetu lazima aanze.

Basi naanza. Kila mwezi nitakwenda Kidongo Chekundu au Don Bosco Upanga na kuandika nilichokiona, kwa Kiswahili, bila kuazima. Ninyi wenye riwaya na mashairi mezani, njooni tukae kwenye ngazi tusikilize. Wale watoto wana majina yao kwa kila mtupo na kila mruko. Tukayachukue kabla hawajakua na kuacha mchezo.

Yule kijana wa Mtaa wa Kongo aliniuzia ya Bulls mwishowe, elfu kumi na tano baada ya kupatana. Nimeivaa mara moja tu. Siku akiniuliza tena kama timu ipo, nataka niwe na kitu cha kumwonyesha.