Upindo, Si Masalia
Istilahi ya kigeni ikitafsiriwa kwa haraka, hutuletea hata makosa ya walioitunga. Mfano ninaoutoa uko mbali sana, juu angani.

Galaksi hukaa kwa makundi. Makundi mawili yakigongana, gesi yake yenye joto la mamilioni ya nyuzi huvurugika. Msukosuko huo huzipa elektroni mwendo unaokaribia ule wa mwanga, nazo zikizunguka katika uga wa sumaku hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hayana galaksi moja yanamotoka; yametanda baina ya galaksi zote. Yakitanda katikati ya kundi, kama yalivyotambuliwa katika kundi la Coma mwaka 1959, Kiingereza huyaita kwa jina la duara la nuru. Yakijinyoosha pembezoni kama utepe, huyaita masalia.

Jina hili la pili ndilo ninalolipinga. Utepe uliotangazwa mwaka 2010, ambao wanaastronomia waliutania kwa jina la Soseji, una urefu wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 6. Humo wimbi la mshtuko lingali likipita katika gesi na kuzitia elektroni nguvu. Yamkini baadhi ya elektroni hizo zilimwagwa zamani na galaksi zilizokwisha kunyamaza. Hata hivyo, kinachozing'arisha ni mshtuko, si uzee wake. Wapo wataalamu wanaopendelea kusema "mshtuko wa redio". Kwa nini basi Kiswahili kilipokee jina ambalo wenyewe wameanza kulitilia shaka?

Napendekeza tuseme upindo wa redio. Kila mshonaji anajua kwamba upindo hukaa ukingoni mwa nguo, mwembamba na mrefu, na kwamba hutokea pale kitambaa kinapokunjwa na kubanwa. Gesi nayo hubanwa pale mshtuko unapopita. Kwa yale mawimbi ya katikati, yasiyo na ukingo dhahiri, latosha neno ukungu.

Wahenga walikiita kishada kile cha nyota Kilimia kwa kukihusisha na msimu wa kulima. Jina likabeba kazi. Nasi tufuate njia hiyo. Mtoto atakayesoma "masalia" atadhani anasoma tanzia. Atakayesoma "upindo" atauliza ni nguo gani hiyo, na ni nini kilichoikunja. Jibu la swali hilo ni mgongano wenyewe, na jina litakuwa limekwisha kumfikisha nusu ya safari.