Timu haifungwi, hela ya kujifungulia haipo (sehemu ya 3)

Mama zangu na wadogo zangu wa Tingi na kwingine mnakonisoma, leo tuongee mpira. Ndiyo, mpira. Msiondoke, maana umeshaingia mpaka kwenye kibubu chako.

Timu ikishinda mechi tano sita mfululizo, kijiweni cheo kinapanda: "Sisi ndio namba moja Afrika!" Mwingine anabisha, anataja orodha ya CAF. Wabishane tu, raha yao. Ninachokataa ni pale ubishi unapogeuka sababu ya kubeti: "Hawa hawafungwi, hii ya uhakika."

Hawafungwi? Yanga baada ya kufungwa na Azam Aprili 2021 ilikaa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Msimu wa 2021/22 ikachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Hongera zao, si kazi ndogo. Lakini Novemba 29, 2022 ikaenda Mbarali, ikapigwa 2-1 na Ihefu, timu iliyokuwa inahangaika huko chini ya msimamo. Oktoba 2023 ikarudi kwa Ihefu, ikapigwa 2-1 tena! Na rekodi ikiwa bado hai, Oktoba 2022, Al Hilal ya Sudan ilishaitoa Ligi ya Mabingwa Afrika. Timu hiyohiyo ikaangukia Kombe la Shirikisho, ikafika fainali 2023. Sasa niambie, ule mfululizo ulikutabiria lipi kati ya hayo?

Ndiyo maana CAF hawapangi vyeo kwa mechi za wiki hii. Wanachukua misimu mitano ya mashindano ya Afrika, wa karibuni una uzito mkubwa, wa zamani mdogo. Ligi ya nyumbani haimo. Kwa hiyo Simba, na robo fainali zake za 2019 na 2021, ilikuwa juu ya Yanga wakati Yanga haigusiki nyumbani, na Wananchi wakalia wanaonewa. Hawakuonewa. Wewe mama unalijua hili kuliko wao: kliniki hatumsifu mtoto kwa kilo za mwezi mmoja, tunaangalia mstari kwenye kadi unaelekea wapi. Na hata mstari mzuri hauapi kwamba kesho hataumwa malaria.

Sasa hesabu. Timu inayoshinda mfululizo inapewa odi ndogo, tuseme 1.20. Baba anaweka 10,000: ikishinda faida ni 2,000, ikifungwa au ikitoka droo, 10,000 yote imekwenda. Ili asile hasara tu, lazima apatie mara 5 katika kila 6. Anaona 2,000 ndogo, anaunganisha mechi 10. Hata kama kila mechi ina nafasi hiyo ya 5 kwa 6, mkeka mzima kupita ni kama mara 1 katika 6. Mechi moja tu ikigoma, mkeka umechanika.

Hiyo 10,000 ilikuwa ya nani? Kliniki tunawaambia mtenge mapema ya nauli, ya vifaa, ya dharura. Uchungu ukianza usiku ukapewa rufaa, mwenye gari hataki kusikia habari za mechi 49. Mama anayetokwa damu tunamhesabia dakika. Eti "nitairudisha Jumamosi". Mimba haijui Jumamosi.

Najua kuna watakaosema mume ndiye mtafutaji, hela ni yake. Sawa, na mimba je? Si yake pia? Akishatenga hela ya kujifungua, hiyo haina shabiki. Iweke kwenye kikoba chenu au kwa mtu mzima mnayemwamini wote wawili, na mje kliniki pamoja, nimwambie mwenyewe. Huwa nawaambia bila kupepesa macho, na mimi ni Simba damu.

Sehemu ya 4 ni begi la kujifungulia na vya kuweka ndani. Wenye miezi saba msikose.