Pesa Zimeshatoka, Mchezo Haujafika

HAKI YA MNUNUZI
Na Musa Wekesa

Mchezo wa mezani wa sanamu ndogo huchezwa kwa vikosi vya askari, mazimwi au mitambo ya plastiki inayosogezwa juu ya ramani kwa dadu na kitabu cha kanuni. Sanamu ya mtu huwa na urefu wa milimita 28 hadi 32 hivi, na sanduku kubwa huweza kubeba zaidi ya sanamu mia. Vitu hivi ni ghali kutengeneza. Ndiyo maana kampuni nyingi ndogo huwaomba wachezaji wenyewe wachange kabla kiwanda hakijawasha mashine. Jukwaa linalojulikana zaidi kwa michango ya aina hii ni Kickstarter, lililofunguliwa Marekani Aprili 2009. Baadaye likaja Gamefound, linalolenga michezo ya mezani.

Kwenye Kickstarter, mwenye mradi hutangaza kiasi anachohitaji na tarehe ya kufunga kampeni. Kiasi kikitimia, kadi za wachangiaji hukatwa. Kisipotimia, hakuna anayetozwa. Jukwaa hubakiza asilimia 5, na ada ya malipo ya kadi hukatwa juu yake. Kila zawadi, yaani bidhaa anayoahidiwa mchangiaji, huandikiwa mwezi ambao inakadiriwa kufika, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mchangiaji huusoma mwezi huo kama ahadi ya duka, ilhali mara nyingi mwenye mradi ameuandika kabla ya kupata bei ya mwisho ya kiwanda. Jukwaa lenyewe limejitoa: masharti yake yanasema mkataba ni wa mchangiaji na mwenye mradi, wao wawili tu.

Ucheleweshaji una sababu za kweli, na ni haki zielezwe kabla ya kulaumu. Sanamu huanza kama mchoro wa kompyuta, ikachapishwa kwa resini ili ikaguliwe, kisha ikagawanywa vipande: mkono wenye upanga peke yake, kichwa peke yake, joho peke yake. Plastiki ya moto inayosukumwa ndani ya kalibu ya chuma haichomoki ikiwa umbo lake limejikunja mahali na kung'ang'ania. Kuchonga kalibu moja hugharimu maelfu ya dola na huchukua wiki kadhaa. Kosa likionekana baada ya chuma kukatwa, kwa mfano uso uliofutika au mguu usioingia kwenye tundu lake, kazi hurudiwa na wiki hizo huanza kuhesabiwa upya. Viwanda vingi vya kazi hii viko China, navyo hufungwa kwa wiki kadhaa Mwaka Mpya wa Kichina unapofika. Mradi usiowahi nafasi yake kabla ya likizo hiyo hurudi nyuma ya foleni.

Sababu nyingine hutengenezwa na kampeni yenyewe. Michango ikipita kiwango fulani, sanamu mpya huongezwa bure. Ikipita kingine, nyingine tena. Wachangiaji hushangilia na jumla hupanda. Lakini kila nyongeza inataka kalibu yake, nafasi yake ndani ya sanduku na uzito wake kwenye meli, na bei ya mchango imeshafungwa tangu siku ya kwanza. Huu ndio udhaifu mkubwa wa biashara hii, na wenye miradi wanaujua. Nauli ya meli ilipolipuka mwaka 2021, mwaka ambao meli ya Ever Given iliziba mfereji wa Suez kwa siku sita na bei ya kusafirisha kontena kutoka China ikavuka dola 10,000 kwenye njia nyingi, kampuni zilizoahidi masanduku mazito kwa bei ya zamani zilibanwa. Mwaka 2022 kampuni ya Mythic Games iliwarudia waliokwisha kulipia michezo yake, ukiwemo ule wa Darkest Dungeon, ikawataka waongeze pesa ili sanduku litoke.

Kwa hiyo mchangiaji mwenye akili timamu anatarajia kuchelewa. Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu miradi ya ubunifu na teknolojia kwenye Kickstarter, alikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya miradi iliyofanikiwa kuchangiwa ilichelewesha bidhaa. Utafiti wake wa mwaka 2015, uliowauliza wachangiaji wenyewe, ulionyesha kwamba takriban asilimia 9 ya miradi iliyochangiwa haikutoa zawadi kabisa. Ukiziweka takwimu hizo mbili pamoja, unaona kwamba miradi mingi hufika, ila haifiki kwa wakati. Kinachomuumiza mchangiaji katika kipindi cha katikati ni kutojua yuko kundi gani.

Kenya ina mfano wake, ingawa si wa mchezo. Mei 2013 watu wa Ushahidi, shirika lililozaliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, walifungua kampeni ya Kickstarter ya kifaa walichokiita BRCK: modemu ngumu yenye betri ya saa nane, iliyokusudiwa mahali ambapo umeme na mtandao hukatika, Nairobi ikiwemo. Waliomba dola 125,000, wakapata dola 172,107 kutoka kwa wachangiaji 1,078. Kifaa kilitarajiwa kufika kabla mwaka haujaisha, lakini kilianza kusafirishwa kwa wachangiaji Julai 2014. Katika miezi hiyo waundaji waliwaandikia wachangiaji na kuwaeleza kazi imefika wapi na nini kimekwama. Kifaa kilipotoka, jina la BRCK lilikuwa bado safi, na waundaji wake waliendelea kuuza vifaa vingine baadaye. Tofauti kati ya mradi unaosamehewa na usiosamehewa hupimwa kwa taarifa kama hizo, kwa sababu miezi ya kuchelewa kwa BRCK haikuwa michache.

Katika sanamu ndogo zenyewe, mifano miwili ya wakati mmoja inafundisha zaidi. Mchezo wa Kingdom Death: Monster wa Adam Poots ulikusanya zaidi ya dola milioni 2 kufikia Januari 2013, ukiwa umeomba dola 35,000 tu. Ulitarajiwa mwishoni mwa 2013 na ukafika 2015. Hata hivyo, kampeni yake ya pili, iliyofungwa Januari 2017, ilikusanya zaidi ya dola milioni 12. Wachangiaji walikuwa wameona kilichotoka kwenye sanduku la kwanza, wakalipa tena huku wakijua fika watasubiri.

Mfano wa pili ni Robotech RPG Tactics wa kampuni ya Palladium Books ya Michigan. Ulichangiwa mwaka 2013, ukapata dola 1,442,312 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 5,000. Zawadi ziligawanywa kwa awamu mbili. Ya kwanza ilichelewa, na mitambo yake ilikuja ikiwa imekatwa vipande vidogo vingi mno vya kugundisha. Ya pili iliendelea kuahidiwa mwaka baada ya mwaka, kwa taarifa zilizosema kazi inaendelea bila kuonyesha kazi yenyewe. Februari 2018 kampuni ilitangaza kwamba awamu ya pili haitatengenezwa. Leseni ya kutumia jina la Robotech ilikuwa inakaribia kuisha. Kampuni ikajitolea kuwapa wachangiaji bidhaa za awamu ya kwanza badala yake, nauli wajilipie. Pesa za awamu ya pili zilikuwa zimeisha kabla ya siku hiyo, na watu waliozitoa walistahili kuambiwa zilipoanza kupungua.

Kimya huficha mambo mabaya zaidi ya ugumu wa kalibu. Mchezo wa The Doom That Came to Atlantic City ulichangiwa zaidi ya dola 122,000 mwaka 2012 kwa ahadi ya sanduku lenye sanamu zake. Mwenye kampeni, Erik Chevalier, aliwaambia wachangiaji kwa zaidi ya mwaka kwamba kazi inasonga, kisha akatangaza kuufuta mradi. Tume ya Biashara ya Marekani, katika kesi yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2015, ilieleza kwamba sehemu kubwa ya pesa ilikwenda kwenye kodi ya nyumba, gharama za kuhama na matumizi yake binafsi. Aliamriwa alipe dola 111,793.71, lakini amri hiyo ikasimamishwa kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulipa. Mchezo wenyewe uliokolewa na kampuni nyingine, Cryptozoic, iliyowapelekea wachangiaji masanduku yao ingawa haikuwa na deni nao.

Chama chochote cha akiba cha Eastlands, Nairobi, kinajua dawa ya ugonjwa huu wa kimya, kwa sababu mweka hazina asiyefungua daftari mbele ya wanachama hupewa muda mfupi sana. Taarifa ya kampeni yenye maana hutoka tarehe inayojulikana, hata kama mwezi huo hakuna jipya. Huonyesha picha ya kilichokamilika. Hutaja idadi ya kalibu zilizokatwa na zilizobaki. Husema pesa zilizosalia zinatosha kufika wapi. Mradi ukikwama, hueleza umekwama wapi kabla wachangiaji hawajauliza. Tangu Oktoba 2014 masharti ya Kickstarter yanamtaka mwenye mradi aliyeshindwa aeleze alichofanya, jinsi alivyotumia pesa na kilichomzuia kumaliza. Tatizo ni kwamba sharti hilo huanza kuuma baada ya kushindwa, ilhali mchangiaji anaihitaji hesabu hiyo mapema.

Kwa mchezaji wa mtaa wa Donholm, Nairobi, kimya kina gharama ambazo mchangiaji wa London hazijui. Wenye miradi wengi husafirisha kutoka maghala ya Marekani, Uingereza, Ujerumani au China, na Kenya huwekwa kwenye fungu la nchi nyingine zote za dunia, ambalo nauli yake hutajwa baadaye, kwa dola. Aliyechangia katikati ya 2021 alinunua dola kwa takriban shilingi 108. Aliyedaiwa nauli Januari 2024 aliikuta dola imevuka shilingi 160. Kisha kuna anwani. Fomu inadai jina la barabara na namba ya nyumba, wakati nyumba nyingi za Donholm Phase 5 au Phase 8 hutambulika kwa korti, rangi ya geti na duka lililo karibu. Wengi huandika sanduku la posta la kazini, anwani ya ndugu aliye Uingereza, au ghala la wakala wa mizigo. Miaka mitatu ikipita bila taarifa, kazi imebadilika, ndugu amehama, na wakala anatoza kodi ya kuhifadhi kifurushi ambacho mwenyewe hajui kimefika. Kikiingia nchini, kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na thamani inayotozwa mara nyingi hujumlisha nauli. Mtu aliyepewa notisi ya mwezi mmoja anaziweka pesa hizo kando. Asiyepewa huzitafuta kwa kukopa.

Sheria ya Kenya inamlinda kwa kiasi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamruhusu mnunuzi kuvunja mkataba iwapo bidhaa haijafika ndani ya siku 30 baada ya tarehe iliyokubaliwa. Kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za mwaka 2022 kuhusu uchangishaji zinahusu anayenunua hisa au kukopesha, hazimgusi anayesubiri sanduku. Na hata ile sheria ya watumiaji ni vigumu kuitekeleza dhidi ya kampuni ndogo ya Michigan isiyo na ofisi wala mali hapa.

Njia inayobaki ni kadi. Wengi hulipa kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa na Safaricom na Visa Juni 2022. Kwa bidhaa ambayo haikufika, kanuni za Visa kwa kawaida humpa mwenye kadi siku 120 za kulalamika tangu tarehe iliyotarajiwa, lakini si zaidi ya siku 540 tangu malipo yalipofanyika. Lalamiko si hakika ya kurudishiwa, hasa kwa michango, ila dirisha hilo likifungwa halifunguki tena. Mradi wa miaka mitatu unaosema kila msimu kwamba bado kidogo humvusha mchangiaji siku ya 540 akiwa bado ana matumaini. Tarehe hiyo huandikwa siku ya kuchangia, pamoja na nakala ya ukurasa unaotaja mwezi wa kufika, na ikikaribia bila picha ya kalibu hata moja, lalamiko hupelekwa kwa mwenye mradi kwa maandishi, kisha kwa mtoaji wa kadi kabla dirisha halijafungwa.