Funguo za Droo Zishikwe na Nani?

Wasomaji wetu hapa Uingereza wanalalamika kwamba watoto wao wana shahada na uzoefu, ila vyeo vya umeneja vinawapita. Malalamiko hayo ni ya haki, wala si mageni. Mwaka 1974, wafanyakazi wa Imperial Typewriters mjini Leicester, wengi wao Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, waligoma wakidai malipo ya haki na wawakilishi wao wenyewe ndani ya chama cha wafanyakazi. Chama kikawapa kisogo. Agosti 1976 ikafika zamu ya Jayaben Desai, mama aliyewahi kuishi Tanzania, kuongoza mgomo katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London. Mgomo ulidumu karibu miaka miwili.

Tunawaenzi. Lakini anayedai haki ugenini akumbuke pia ya nyumbani. Waingereza waliigawa Dar es Salaam kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakaacha kiwanja cha Mnazi Mmoja wazi katikati. Uhuru ulifuta mgawanyo huo katika sheria, mazoea yakabaki. Waliokulia Upanga wanalijua duka la Kariakoo. Mtu mzima mwenye wajukuu anafungua milango asubuhi, anajua bei ya kila jora na mteja gani hakopesheki, lakini jina lake ni "boi". Funguo za droo ya pesa anazo mtoto wa tajiri aliyemaliza shule juzi, na kazi kafundishwa na huyo huyo "boi".

Serikali ya Tanganyika nayo ilipambana na swali la nani apewe madaraka. Oktoba 1961 Nyerere alisimama kidete bungeni kupinga uraia wa kupimwa kwa rangi. Mapema Januari 1964 akatangaza kwamba upendeleo kwa Waafrika katika ajira za serikali umekwisha, na raia wote watahesabiwa sawa. Mwezi haujaisha, askari wa kambi ya Colito wakaasi, wakitaka mishahara zaidi na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Jeshi jipya lilipoundwa mwaka huo huo, lilikabidhiwa kwa Mrisho Sarakikya, aliyekwisha kupata mafunzo ya uofisa Sandhurst.

Nyerere alikuwa sahihi kwamba rangi isiwe kipimo. Lakini usawa wa kutamkwa hautoshi kwa mtu anayeona ngazi yote juu yake imeshikwa na wengine. Sarakikya aliweza kukabidhiwa jeshi kwa sababu alifundishwa mapema, na alipokuwa tayari akapewa madaraka kamili.

Sasa tujitazame. Katika jumuiya yetu hapa Uingereza, mwenyekiti na mhazini hutoka katika familia zile zile za Uhindini. Wenzetu wa Kariakoo na Ilala tunawakumbuka siku ya kupanga viti na kupika pilau. Tutamlaumuje meneja wa Kizungu?

Tunapendekeza mkutano mkuu ujao upitishe mambo matatu. Kila cheo kiwe na naibu, na manaibu watoke pande zote za jumuiya. Naibu aongoze vikao na asaini hundi, asiwe wa kubeba mafaili tu. Na mwenye cheo akimaliza mihula miwili, ampishe.

Leteni majina kabla ya mkutano, na msiyalete ya ndugu zenu peke yao.