Mcheza kwao hutunzwa, hata kwa ngoma za kompyuta

Ukizunguka mitaa ya Eldoret siku hizi, kuanzia Langas hadi Kapsoya, na kutoka Huruma hadi Kimumu, si ajabu kusikia ngoma zikirindima nyumbani kwa watu na usione ngoma yenyewe. Hakuna ngozi iliyowambwa wala mkono unaopiga. Kuna kijana aliyejifungia chumbani, blanketi limetundikwa dirishani ili kelele za bodaboda zisiingie, na mbele yake kuna kompyuta, kipaza sauti na kibodi ndogo. Hapo ndipo studio.

Wazazi wengi huliangalia jambo hili kwa wasiwasi. "Nilimnunulia kompyuta asome, sasa kazi ni kupiga kelele," husema mama. Baba naye hutikisa kichwa na kufungua gazeti. Lakini kuna swali ambalo wazazi hawaliulizi, na vijana wenyewe hawalijali: ngoma zile, ni nani aliyezipiga? Msilidharau swali hili. Jibu lake laweza kuamua kama wimbo wa mwanao utachezwa katika sherehe za koito na harusi za Uasin Gishu, ama utazikwa ndani ya simu yake na za marafiki zake wawili.

Mapishi si chakula

Tuanze na chombo chenyewe. Kompyuta hupiga ngoma kwa kutumia lugha iitwayo MIDI. Lugha hii ilizaliwa kwa sababu ya shida. Katika miaka ya 1970, kinanda cha umeme cha kampuni moja hakikuweza kusikilizana na cha kampuni nyingine. Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani, na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani, wakawashawishi wenzao wakubaliane lugha moja. Mnamo Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya ala huko California, vinanda vya kampuni hizo mbili viliunganishwa kwa waya. Kimoja kilipopigwa, cha pili kikaitika. Miaka 30 baadaye, mwaka 2013, wazee hao wawili walitunukiwa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. MIDI si sauti, ni maagizo. Ni kama karatasi ya mapishi, ambayo haina harufu wala ladha, bali inakueleza utie nini, lini na kiasi gani. Faili ya MIDI humwambia kompyuta: piga ngoma nambari 36, wakati huu, kwa nguvu 90. Mwaka 1991 makampuni yalikubaliana orodha ya kawaida. Nambari 36 ni ngoma kubwa ya mguu. Nambari 38 ni sneya, ile ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake. Nambari 42 ni matoazi ya mguu yakiwa yamefungwa, na 46 yakiwa wazi. Nguvu ya pigo huhesabiwa kutoka 1 hadi 127.

Kwa kuwa ni maagizo tu, faili hizi ni nyepesi sana. Dakika moja ya muziki wa kiwango cha CD hula megabaiti 10 hivi, ilhali ngoma za wimbo mzima katika MIDI ni kilobaiti chache tu. Unaweza kuongeza mwendo bila sauti kubadilika kuwa nyembamba, na unaweza kubadilisha ngoma zote kwa kubofya mara moja. Kwa kijana anayehesabu shilingi za bando, hii ni neema.

Mguu wa mtu mwingine

Ili kumrahisishia kijana kazi, watengenezaji wa programu za ngoma huuza ruwaza za midundo zilizo tayari. Toontrack ya Uswidi ilitoa programu yake ya EZdrummer mwaka 2006, na XLN Audio, ya nchi iyo hiyo, ina Addictive Drums. Ndani yake mna ruwaza kwa mamia, zilizopangwa kama bidhaa dukani: roki huku, jazi kule, fanki upande wa pili. Nyingi zilipigwa na wapiga ngoma hodari wa kweli, kisha mapigo yao yakahifadhiwa kama maagizo ya MIDI. Kijana huchagua, huivuta kwa kipanya, huiweka chini ya sauti yake, na wimbo umekwisha.

Jambo hili si geni hata kidogo. Wengi wenu mtavikumbuka vinanda vya miaka ya 1990 vilivyokuwa makanisani na hotelini, vyenye vitufe vilivyoandikwa rumba, waltz na bossa nova. Ukibonyeza kimoja, bendi nzima inalia. Tofauti ni kwamba wakati huo kila mtu alijua kinachopiga ni kinanda. Ruwaza za leo zinadanganya sikio, kwa kuwa ndani yake kuna pumzi ya binadamu.

Na hapo ndipo penye taabu. Binadamu huyo si wa hapa. Mpiga ngoma wa Stockholm au Los Angeles amelelewa na nyimbo nyingine. Mkono wake unajua kwao. Katika roki ya kawaida, ngoma ya mguu huangukia pigo la kwanza na la tatu, na sneya hugonga kwa kishindo pigo la pili na la nne. Chukua ruwaza hiyo uiweke chini ya benga. Aghalabu benga hutaka ngoma ya mguu itembee katika kila pigo, matoazi yakimbie juu yake, na gitaa la besi ndilo liongee. Sneya ile ya roki inapoingia, huwa kama mgeni anayekatiza mazungumzo ya wenyeji. Msikilizaji hajui kasoro iko wapi, lakini mguu wake unajua. Anabaki ameketi.

Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wahenga. Mdundo wa kuazima nao hauchezeshi.

Wazee wetu walifanyaje?

Huenda kijana akauliza: je, gitaa si la wageni? Na kompyuta je? Ni kweli kabisa, na simwambii mtu arudi katika pango. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, huko Kericho, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kwa mlio wa kinubi cha asili. Wimbo wao ulimhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia katika santuri. Jina lake likageuka katika vinywa vyao likawa Chemirocha. Walichukua cha mgeni, lakini mdundo ukabaki wao na jina wakalivika nguo za nyumbani.

Benga nayo ilizaliwa vivyo hivyo. Wapiga gitaa wa Nyanza walihamisha vidole vya nyatiti hadi kwenye gitaa la umeme, na muziki huo ukapanda hadi nyanda zetu za Bonde la Ufa, ambako waimbaji wa Kikalenjin waliufanya wao. Santuri nyingi za muziki huo zilitolewa na kampuni ya Chandarana ya Kericho. Hata kompyuta haikuwazuia vijana wa Nairobi: mapema katika miaka ya 2000, Ogopa Deejays na Calif Records walitengeneza kapuka na genge kwa mashine, na nchi nzima ikajua hii ni sauti ya Kenya.

Kosa basi si kutumia chombo cha mgeni. Kosa ni kukiacha chombo kikuchagulie mwendo.

Fanya hivi

Wewe mwanafunzi uliyesoma hadi hapa, chukua kalamu.

Kwanza, usianze na ruwaza ya dukani. Tafuta wimbo wa kwenu ambao watu huinuka unapopigwa. Usikilize mara kumi ukipiga meza kwa kidole. Andika ngoma ya mguu inaangukia wapi, kisha matoazi, kisha sneya. Hapo tu ndipo uiguse kompyuta. Kama huna fedha za programu, Hydrogen na LMMS hupatikana bure na kwa halali.

Pili, jua kama wimbo unagawa pigo kwa mbili au kwa tatu. Nyimbo nyingi za ngoma katika eneo letu hugawa kwa tatu, ilhali programu nyingi hufunguka zikiwa zimegawa kwa mbili na nne. Usipobadilisha mistari ya gridi, utahangaika usiku kucha ukimlaumu mwimbaji. Mfano mzuri uko jirani, Kakamega. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mpe kila ngoma mstari wake katika kompyuta. Utagundua kwamba hakuna hata moja inayopiga wimbo wote. Utamu hupatikana zinapojibizana.

Tatu, usiyanyooshe mapigo kupita kiasi. Kila programu ina kitufe cha kuyaweka mapigo yote juu ya mstari, na vijana hukibonyeza kama dawa ya kila ugonjwa. Hebu tupige hesabu. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Programu inayoligawa pigo katika vipande 480 inakupa kipande cha takriban elfu moja ya sekunde. Sogeza matoazi nyuma vipande 10 hadi 15 tu, kisha usikilize. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini mwendo mzima hulegea, kama mtu aliyeshusha mabega. Ukiyanyoosha, yanyooshe nusu tu, si yote.

Nne, angalia nguvu. Ukiandika kwa kipanya, mapigo mengi hutoka kwa nguvu moja, sema 100, kama askari wakipiga gwaride. Mkono wa mtu haupigi hivyo. Pigo lenye mkazo lipe 110, linalofuata 70, na lile la kunong'ona 35. Wimbo utaanza kupumua.

Tano, na hili ndilo kubwa: mtafute mpiga ngoma. Kanisani kwenu yuko, shuleni yuko, na katika kikundi cha ngoma cha mtaa yuko. Mweke mbele ya kibodi yako ndogo au vibao vya kupigia, mwombe apige dakika tano bila kusimama, na uyahifadhi mapigo yake jinsi yalivyo. Jioni hiyo moja itakuletea ruwaza ambazo hazimo katika duka lolote duniani.

Haki ya mpigaji

Hapa nataka wazazi nao wasikilize, kwa maana penye ngoma pana fedha, na penye fedha pana ugomvi. Mpiga ngoma huyo akiisha kukupa mapigo yake, kompyuta haitamhitaji tena. Utaweza kuyatumia katika nyimbo mia moja na yeye hayupo. Je, ni haki kumpa soda na ahsante? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humtambua mtumbuizaji, wala si mtunzi peke yake. Andikeni mapatano kabla ya kupiga: atalipwa kiasi gani, mapigo yatatumika wapi, na jina lake litatajwa vipi. Karatasi moja yenye sahihi mbili huokoa urafiki wa miaka mingi.

Ruwaza za kununua nazo zina masharti yake. Aghalabu unaruhusiwa kuzitumia ndani ya nyimbo zako, ila si kuzikusanya na kuziuza tena kama ruwaza. Yasome. Na ile programu ya wizi inayogawanywa kwa flashi vyuoni, jihadhari nayo. Huja na virusi, na siku wimbo wako utakapopata soko hutakuwa na hati ya kuonyesha.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024. Duniani imejulikana kwa miguu inayokimbia. Lakini tuna miguu inayocheza pia: ya Mkalenjin, ya Mluhya, ya Mjaluo, ya Mkikuyu na wengineo, wote wakiishi mtaa mmoja na kusikia harusi za wenzao kila Jumamosi. Ni miji michache yenye ghala la midundo kama hili. Ingekuwa aibu kama mtoto aliyezaliwa katikati ya ghala hilo angenunua mdundo wa mbali, kisha aulize kwa nini nyumbani hachezwi.

Mzazi, kabla hujagonga mlango wa chumba kile na kuamuru kelele zizimwe, ingia uketi. Muulize mwanao: "Hizo ngoma, mwanangu, nani amezipiga?" Akikosa jibu, mwimbie ule wimbo mliocheza siku ya harusi yenu, na umpigie mwendo wake mezani. Huenda ukawa ndiwe mpiga ngoma aliyekuwa akimtafuta.

Mcheza kwao hutunzwa. Tuonane Jumapili ijayo.